Hesabu ya Bure

Dawa ni bure. Hilo niliandika la kwanza,
juu kabisa, kwa penseli ya shule ya Nyamawi:
Dawa: 0.
Kisha nikaanza kuandika yaliyobaki.

Bodaboda, Mikindani hadi Port Reitz, mia tatu.
Saa nane za usiku bei ni ya mwenye pikipiki,
na mtoto akikutetemekea mgongoni
huna mdomo wa kupatana.
Kadi, hamsini.
Kipimo: vya pale vimekwisha, akasema dada,
vukeni barabara, penye pazia la kijani.
Mia mbili hamsini, niambiwe nilichokijua
tangu alasiri, nilipomgusa shingo
nikaondoa kiganja kama nimeshika sufuria.

Glukosi, sabini.
Vidonge vya bure alivitapika kwenye leso yangu.
Vya pili nilivinunua. Mia nne.

Viazi vya karai nilivyochemsha jioni
vilichacha vikinisubiri.
Mia nne na themanini, na mbaazi sijazitia.
Hospitali wana fomu, ina jina, umri, kijiji,
haina mahali pa kuandika viazi.

Babake ni kibarua wa godauni, Shimanzi.
Saa kumi na mbili unusu majina husomwa getini.
La kwake likasomwa, ukimya ukaitika.
Siku tatu, mia sita mia sita.
Ya nne alikwenda. Walikuwa na Chivatsi mwingine.

Abeid wa duka hakuniuliza kitu.
Ana daftari lake, limefungwa mpira,
humo naitwa Mama Viazi.
Tangu hapo kila asubuhi: "Mwana aendeleaje?"
Naye ni mtu mwema, kweli anamuulizia mwana,
na kweli anaulizia pesa,
nami nikisema "ajambo"
sijui nimejibu lipi.

Chandarua tunacho. Nacho ni cha bure.
Ni cha watu wawili, sisi watu watano,
usiku kucha twavutana,
na mguu wa mtu lazima ulale nje.
Mvua za mwezi wa tano zilipofika
ulikuwa mguu wa Nyamawi.

Sijaandika zamu yangu ya chama.
Ile ilikuwa ya kabati la kioo,
nimeliona Kongowea, lina rafu mbili na kufuli,
viazi vionekane, nzi wabaki kuangalia.
Niliwaambia wenzangu: mwezi ujao mtanunua kwa mwenye kabati.
Homa ya pili ilikuja kabla ya mwezi ujao,
nami zamu ya chama sikuiandika,
kwa sababu kuiandika
ni kuinunua tena.

Jana alinikuta na daftari.
Amepona, shingo imekuwa nyembamba,
macho yamerudi na utundu wake.
Akadhani ni hesabu za darasa la tatu.
Akakaa, akatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo,
akajumlisha kwa vidole, vya mikono, kisha vya miguu.
"Mama, umekosea. Umesahau mia.
Ni elfu tatu, mia tatu na hamsini."
Akasoma juu, akashuka hadi chini.
Akanyamaza.
"Hizi zote ni zangu?"

Mtu huwa na jibu la kila kitu
mpaka aulizwe na aliyemzaa.
Nikamwambia, la, mwanangu, hizo ni za mbu.
Akaichukua penseli yake,
akaandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: MBU,
akapiga mstari kwa rula, kama mwalimu alivyomfunza.
"Atalipa lini?"

Nikamwambia alale.
Nikazima taa, nikachomeka chandarua chini ya godoro,
nikahesabu miguu gizani, kwa kupapasa.
Tisa ndani.
Wa kumi ulikuwa wangu.